Rafu ya sentimita 90: shajara ya vitabu vya ngozi vya Kifaransa

Jumamosi, 11 Januari 2025

Zamu ya usiku hotelini imekwisha saa moja asubuhi. Badala ya kwenda kulala nimepanda metro mpaka Porte de Vanves, nikaenda kwa miguu hadi Rue Brancion, kwenye soko la vitabu vikuukuu la bustani ya Georges-Brassens. Soko liko chini ya mapaa ya chuma yaliyokuwa zamani ya soko la farasi, ubavuni mwa machinjio ya Vaugirard. Kila Jumamosi na Jumapili wauzaji hupanga meza zao pale. Palipouzwa wanyama sasa panauzwa vitabu vilivyovishwa ngozi za wanyama. Nimecheka peke yangu, muuzaji akanitazama, nikanyamaza.

Miaka 6 nimeishi Paris nikivipita vitabu hivi bila kuvigusa, nikidhani ni vya matajiri. Kumbe tajiri hutafuta seti kamili. Juzuu moja iliyopotezana na wenzake, hata kama imechapwa kabla ya Mapinduzi ya 1789, unaipata kwa bei ya sahani ya biriani.

Basi mradi ni huu. Nina ubao wa rafu wa sentimita 90. Nataka kuujaza vitabu vilivyochapwa Ufaransa kabla ya 1800, vikiwa bado na majalada ya ngozi ya wakati wao, kila kimoja kisizidi euro 25. Na ili nisiwe mnunuzi wa mapambo, nimejiwekea sharti: lazima nisome kurasa 10 za kila kitabu kabla sijanunua kingine.

Namba 1: juzuu ya tatu ya mahubiri ya Kikatoliki, mwaka M. DCC. LVII, yaani 1757. Euro 8.

Jumapili, 12 Januari

Nimempigia Mama simu ya video, Mombasa.

"Umenunua nini, mwanangu?"

"Kitabu, Mama. Kina miaka zaidi ya 260."

"Cha nini?"

"Mahubiri."

"Ya nani?"

"Ya padri mmoja."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Marehemu baba yako alikupeleka chuo cha Kurani miaka yote ile, ukaja ukanunua mahubiri ya padri."

Nikamweleza kwamba kwenye meza za bei nafuu ndicho kinachojaa: mahubiri, sala, sheria. Vilichapwa kwa wingi na leo hakuna anayevisoma, ndiyo maana bei iko chini. Nikamsogezea kitabu kwenye kamera. Mgongo una matuta matano. Ndani ya kila tuta kuna kamba ambayo kurasa zimeshonewa. Kati ya matuta kuna vyumba vidogo vyenye maua ya dhahabu, na chumba kimoja kina kipande cha ngozi nyekundu chenye jina la kitabu. Kingo za kurasa zimepakwa rangi nyekundu pande zote tatu. Ukifungua jalada unakuta karatasi yenye mawimbi ya bluu, nyekundu na manjano, kama rangi iliyomwagwa majini ikakorogwa kwa kitana, na kweli hivyo ndivyo inavyotengenezwa.

Mama akauliza swali moja tu: "Ulimi wake uko wapi?"

Ilinichukua muda kumwelewa. Msahafu wa babu, ule unaokaa kwenye kidaka cha sebuleni, jalada lake lina ulimi unaokunjwa ukaingia mbele na kufunika kurasa. Vitabu vya Kifaransa havina. Kwa Mama hiki ni kitabu ambacho mtu alikiacha hakijesha.

Jumamosi, 18 Januari

Leo sikununua. Nimezunguka nikishika ngozi tu, na muuzaji mmoja, mzee wa kofia ya sufu, alinionea huruma akanifundisha bila kuombwa.

Ngozi ya ndama ni laini, vinyweleo vyake huvioni mpaka usogeze jicho. Ndiyo ya kawaida karne ya 18. Ngozi ya kondoo ni rahisi na ni dhaifu: inachubuka kwa tabaka, kama mtu aliyeungua jua. Wauzaji wengine huiita ndama wakiona mnunuzi ni mgeni, kwa hiyo tazama pembe za jalada. Ikiwa pana kipande kinachobanduka kama ganda la kitunguu, huyo ni kondoo. Ya juu kabisa ni ya mbuzi, wanaiita maroquin, jina la Moroko. Vinyweleo vyake vimejipanga, ukipitisha kidole unavihisi, na rangi yake hata baada ya miaka 250 bado ni nyekundu ya kweli. Ya mbuzi sijaikuta chini ya euro 25 wala sitarajii.

Yale madoadoa meusi na kahawia kwenye ngozi ya ndama, ambayo nilidhani ni uchafu, ni urembo. Mjalidi, yaani fundi wa majalada, aliirushia ngozi makusudi maji yenye madini ya chuma ili ngozi ifanane na marumaru. Tatizo ni kwamba dawa ile huila ngozi polepole, na leo kwenye kitabu changu namba 1 kila doa jeusi ni kishimo. Mtu alilipia urembo 1757, ukaendelea kula mpaka juzi.

Mzee akamaliza kwa jambo moja alilolisema kwa ukali: usikivute kitabu rafuni kwa kukishika juu ya mgongo. Pale juu ngozi imekunjwa mfano wa kilemba, nao Wafaransa huita hivyo hivyo, coiffe. Kikishapasuka kilemba, mgongo wote unafuata. Sukuma vitabu viwili vya kando vizame ndani, kisha kishike cha katikati kiunoni.

Jumapili, 2 Februari

Nimehamisha rafu. Nilikuwa nimeipigilia juu ya hita! Ngozi hukauka ikapasuka kwa joto, hilo hata mshona viatu wa Kongowea angeniambia. Sasa iko ukuta wa ndani, mbali na dirisha.

Mchana nimepita kando ya mto Seine kwa wale wachuuzi wa maboksi ya kijani, bouquinistes. Kila mmoja ana maboksi manne, na kwa kanuni, moja tu ndilo linaloruhusiwa kuwa la vikumbusho vya watalii, ingawa ukitembea utaona wapo wanaohesabu kwa namna yao. Mwanzoni mwa 2024 nusura mengi ya maboksi yale yang'olewe kwa ajili ya sherehe za Olimpiki mtoni. Wachuuzi wakapiga kelele, rais akaamua yabaki.

Namba 2: kijitabu cha falsafa, 1774, euro 15. Kimeandikwa "A Londres", yaani London, lakini kila kitu chake ni cha Kifaransa. Zama zile kitabu kilihitaji kibali cha mfalme, na maneno ya kibali yalichapwa kitabuni humo humo. Kisichoweza kupewa kibali kilidai kimezaliwa Londres au Amsterdam. Kuna hata mchapaji wa Cologne aitwaye Pierre Marteau ambaye jina lake lilitumika kwenye mamia ya vitabu tangu karne ya 17, na hajawahi kuwepo. Wakubwa wakati mwingine walijua wakafumba macho, mradi jina la Paris lisionekane.

Namba 3, na hii ndiyo iliyobadilisha mradi: juzuu ya katikati ya Histoire générale des voyages ya Abbé Prévost (Abbé ni padri), toleo dogo, inahusu China. Euro 12. Mkusanyiko huu wa safari ulianza kutoka Paris mwaka 1746, mwanzoni ukiwa tafsiri ya mkusanyiko wa Kiingereza, na ramani zake alizichora Jacques-Nicolas Bellin, mchoraji ramani wa jeshi la majini la Ufaransa. Nimerudi nyumbani nikaanza kusoma habari zake, nikagundua kwamba mkusanyiko unaanza na safari za Wareno kuelekea Bara Hindi. Yaani juzuu ya kwanza inapita kwetu: Kilwa, Mombasa, Malindi.

Sasa najua ninachokitafuta.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeharibu kitabu.

Nilikuwa nimesoma kwamba ngozi kavu hupakwa mafuta. Nilikuwa na kopo la mafuta ya nazi, yale Mama huniletea kila akipata mtu wa kuja. Nikajiambia: nyumbani tunapaka nywele, tunapaka mwili, tunapaka mikanda, mahubiri ya padri yana nini? Nikachukua pamba, nikapaka jalada la namba 1 lote, nikalisugua likang'aa vizuri sana kwa nusu saa.

Leo asubuhi ngozi ni nyeusi kama sufuria. Mafuta yamepenya kadibodi, yametokea upande wa pili kwenye ile karatasi ya mawimbi, na yameacha doa la ukubwa wa kiganja. Pembeni yamegonga kurasa nne za mwanzo. Zimekuwa za kupitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa bajia.

Nimeuliza, nikajibiwa kwamba hata yale mafuta maalumu ya ngozi yaliyotumika maktaba kubwa miaka mingi, wahifadhi wa leo wengi wameyaacha. Huvuta vumbi, huifanya ngozi kuwa nyeusi, na hayairudishii ngozi kitu chochote ilichopoteza. Ngozi inayomeguka unga mwekundu ukaishia kwenye shati hutiwa dawa nyingine kabisa, unga wa selulosi ulioyeyushwa kwenye spiriti, ambao huifunga bila kuilowesha mafuta. Kwa kitabu kisichomeguka, brashi laini ya kupangusa vumbi inatosha.

Harufu ya chumba ni ya Pwani. Mke wangu ameuliza kama nimepika.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa pili. Namba 4, kitabu cha sheria cha 1768 cha euro 6, kimeanza kudondosha unga mweupe mwembamba juu ya rafu. Nimekigonga mezani, unga ukaongezeka. Vitobo vya wadudu vya zamani huwa safi na vikavu. Vikitoa unga mpya, mwenye nyumba yumo.

Dawa isiyo na sumu ni baridi. Nimekifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikatoa hewa, nikakiweka kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Kikitoka nitakiacha kwenye mfuko siku nzima mpaka kizoee joto la chumba, la sivyo umande utakaa juu ya ngozi. Mke wangu ameandika kwenye mfuko kwa kalamu nene "SI NYAMA", maana sambusa za futari ziko rafu hiyo hiyo ya friza.

Jumamosi, 22 Machi

Soko, nikiwa nimefunga, baridi. Hakuna juzuu ya kwanza. Namba 4 ametoka salama na hadondoshi tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimempelekea mjalidi kitabu namba 1. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mashinikizo mawili ya chuma na harufu ya gundi ya wanga. Nilimwita Madame, yeye aliniita Monsieur, na tulipofika kwenye doa la mafuta ya nazi aliguna tu, kama daktari aliyewahi kuona mabaya zaidi.

Bei ya kutengeneza mgongo ingekuwa zaidi ya mara 20 ya bei ya kitabu. Alisema hivyo mwenyewe, akanishauri niache. Lakini aliniomba ruhusa ya kunionyesha kitu. Ngozi ya mgongo imepasuka chini karibu na tuta la tano, na pale imejikunja kidogo. Akaiinua kwa ncha ya kisu butu cha mfupa, akawasha taa ya mezani, akaniambia nichungulie.

Ndani, juu ya migongo ya karatasi zilizoshonwa, kuna kipande cha ngozi nyembamba ya kuandikia, upana wa vidole viwili, na juu yake maandishi ya mkono. Wino wa kahawia, herufi ndogo zilizobanana, mistari miwili na nusu. Ni Kilatini, na maneno yamefupishwa kwa vistari juu ya herufi. Wajalidi wa zamani walihitaji kitu kigumu cha kuimarishia mgongo, na ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, kwa hiyo walinunua hati na vitabu vya mkono vilivyopitwa na wakati, wakavikatakata. Kitabu cha 1757 kimebeba mgongoni kitabu kingine kilichokufa kabla yake, na hakuna aliyekiona mpaka ngozi ilipopasuka.

Nikamwuliza kama tukikibandua tungejua ni nini. Akasema ndiyo, pengine, na mimi ningebaki na kipande cha maandishi na kitabu kilichovunjika. Akaishusha ngozi mahali pake, akaigandisha kwa tone la gundi ya ngano, akakifunga kitabu kwa utepe wa pamba, mafundo mbele, kamwe si mgongoni. Hakunitoza kitu.

Alikuwa ameona pia kitu ambacho mimi nilikipita mara kumi. Kwenye ukurasa wa jina, juu, kuna mstari wa wino mzito uliokatwa katwa. Chini yake unaweza kusoma kwamba kitabu kilikuwa cha nyumba ya watawa wa Kapuchini. Novemba 1789 bunge liliiweka mali ya Kanisa mikononi mwa taifa, na vitabu vya watawa vikakusanywa kwa mamilioni kwenye maghala. Vingine vilijaza maktaba za miji, vingine viliuzwa, vingine vikapata miguu. Hiki changu kilipita wapi mpaka kikafika meza ya euro 8, hakisemi. Kwa sababu hiyo hiyo siku hizi kabla ya kulipa natafuta mihuri: muhuri wa maktaba ya umma usio na alama ya kufutwa, nakirudisha kitabu mezani.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeipata.

Si kwenye meza za Brassens wala kando ya mto. Ilikuwa kwenye sanduku la ndizi, chini, kwa muuzaji anayesafisha nyumba za marehemu. Ngozi ya ndama ya marumaru, jalada la mbele limeshikwa na kamba mbili tu kati ya nne, kilemba cha juu hakipo. Kwenye kipande chekundu: HIST. GENER. DES VOYAG. Na chini yake, kwenye ngozi ya rangi ya zeituni, namba 1.

"Ishirini," akasema.

"Jalada linaning'inia."

"Ndiyo maana ni ishirini."

Nikalipa. Ni ndani ya masharti, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi ambacho kubembeleza bei kungekuwa unafiki.

Kwenye metro nikafanya nilichojifunza, kuhesabu karatasi kabla ya kufurahi. Toleo hili ni lile la udogo wa in-12: karatasi kubwa moja imekunjwa ikatoa majani 12, kurasa 24. Chini ya kurasa za mwanzo za kila kikunjo kuna herufi ya kumwongoza mjalidi, A, B, C na kuendelea, katika alfabeti ya herufi 23, bila J, U wala W. Wafaransa mara nyingi waligawa majani 12 katika mafungu mawili, la 8 na la 4, kwa hiyo usishtuke fungu likiwa jembamba. Na chini kabisa kulia kuna neno moja peke yake, ambalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Nilipoliona mara ya kwanza, Januari, nilimkumbuka babu. Miswada ya Kiarabu nayo ina neno hilo hilo chini ya ukurasa, na alitufundisha kulitazama kabla ya kugeuza jani, ili ulimi usikwame.

Neno na neno, herufi na herufi, nikaenda mpaka katikati ya kitabu. Pale vidole vikakutana na kitu kigumu. Kisiki cha karatasi, upana wa milimita 4, kimenyooka kimetokeza kwenye ushono, kingo yake imekatwa kwa wembe. Nyembe hazikosei, zinaacha mstari ulionyooka kuliko wowote wa kitabu.

Ramani imeng'olewa.

Nilirudi mwanzo nikahesabu tena, kana kwamba ningeikuta imejificha. Kurasa za maandishi zote zipo, hakuna hata moja iliyokosekana. Ilitolewa ramani peke yake.

Jumapili, 27 Aprili

Nimesoma kurasa 10, kisha nyingine 40.

Kilwa ni Quiloa, Malindi ni Melinde. Hadithi ni ile tunayoijua kwa upande wa meli: Vasco da Gama anatia nanga nje ya Mombasa Aprili 1498, mambo yanaharibika, anaondoka, anapokewa vizuri Malindi na huko anampata rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Kwa hiyo mfalme wa Malindi ni muungwana na wa Mombasa ni mhaini, na padri wa Paris miaka 250 baadaye anayarudia hayo kwa utulivu kamili akiwa kwenye meza yake. Mimi wa Mji wa Kale nimesoma nikiwa na kalamu ya risasi mkononi, nikajizuia kuandika pembeni. Mtu mwingine hakujizuia: pambizoni mwa ukurasa mmoja kuna mkono mdogo umechorwa kwa wino, kidole kimenyooshwa kuelekea aya inayotaja dhahabu ya Sofala. Kwa mkono ule wa kuchorwa nimejua kwamba angalau msomaji mmoja alikuwa anahesabu.

Lakini sikuacha kurudi kwenye kisiki. Na jioni, jua lilipoingia kwa pembeni, nimeona kitu kwenye ukurasa unaokitazama. Juu ya maandishi, hafifu sana, kuna mistari ya kahawia ambayo si ya maandishi. Mstari mmoja mrefu unaopinda, na pembeni yake vistari vidogo vingi vilivyolala, kama miguu ya tandu. Ramani ilikaa imekunjwa pale miaka mingi ikibanwa, na wino wake mzito ukaacha kivuli. Ile tandu ni pwani, na vistari ni majina.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda kwa muuzaji wa picha na ramani za zamani. Nilijua nitakachokikuta. Masanduku ya ramani, kila moja ndani ya plastiki na kadibodi nyuma, zimepangwa kwa bara na nchi. Chini ya "Afrique" nikakuta Bellin tatu. Ni ramani nzuri, na rangi zimepakwa juzi: bahari ya bluu hafifu, mipaka ya pinki. Zilipochapwa hazikuwa na rangi. Pembeni, kwa herufi ndogo sana, moja ina namba ya juzuu na ukurasa inapopaswa kukaa. Hiyo ni anwani ya nyumbani kwake, na inauzwa nayo.

Bei: euro 65. Kitabu kizima, chenye ngozi, dhahabu na kurasa zote za maandishi, euro 20. Ndiyo hesabu inayowafanya watu washike nyembe. Kitabu kilichovunjika jalada hakimvutii mtu, ila ramani moja ndani ya fremu inamfaa yeyote aliyewahi kwenda Zanzibar likizo.

Nikamwomba muuzaji anitolee plastiki nitazame mikunjo. Alikuwa mwungwana, akatoa. Mikunjo haikulingana: ya kitabu changu ilikunjwa ikawa na upana wa ukurasa wa in-12, hii ilikunjwa kwa ukurasa mkubwa zaidi, imetoka toleo la in-4. Haikuwa yangu. Nilisikia ahueni, kwa sababu kama ingekuwa yangu ningeinunua, na ningemlipa euro 65 mtu aliyefaidika na wembe ule.

Akaniuliza natafuta ramani ya wapi hasa. Nikamwambia. "Ah, Mombasa," akasema, "kuna fukwe nzuri."

Jumamosi, 7 Juni

Rafu: sentimita 27 kati ya 90, vitabu 9. Tangu siku ile nimeongeza kamusi ndogo ya Kilatini ya ngozi ya kondoo, juzuu mbili za tamthilia na kitabu cha sala cha 1781 chenye nta ya mshumaa kwenye ukurasa wa maombi ya wafu. Sina la kusema juu ya tamthilia.

Juzuu ya kwanza nimeitengenezea sanduku la kadibodi isiyo na asidi. Jalada sikuligandisha; nimelifunga kwa utepe kama nilivyoonyeshwa. Kisiki hakijaguswa.

Usiku nimejaribu jambo. Nimezima taa ya juu, nikaweka taa ya mezani chini kabisa, sambamba na ukurasa, nikapiga picha ya kile kivuli kwa simu. Kivuli cha ramani iliyokunjwa kinakuwa kinyume, kama maandishi kwenye kioo. Nikaigeuza picha kushoto kulia, nikaongeza giza kidogo. Pwani ikakaa upande wake, bahari kulia. Majina mengi hayasomeki, ila moja linaanza na M na lina herufi ndefu katikati, na liko karibu na mahali linapopaswa kuwa.

Nikamtumia Mama kwenye WhatsApp, nimezungushia duara jekundu. "Mama, tazama. Hapa ndipo kwetu, ramani ya Mfaransa, karne ya 18."

Alama mbili za bluu. Dakika tano. Kisha ujumbe wa sauti, feni inavuma nyuma yake:

"Nimeona, mwanangu. Mashallah. Lakini hilo si doa la yale mafuta yangu?"